Vibuyu Arobaini na Moja

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shuleni amebeba tableti, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Yuko darasa la tano. Mwalimu wao amewapa kazi ya kuzunguka mtaa na kubonyeza kila mahali penye maana, halafu kifaa kichore ramani chenyewe. Akaketi juu ya gunia la mbegu kwenye kibanda changu, sokoni Baraka, akabonyeza. Kikalia: tii.

Nilimwaga gigozi nzima ya maharage miguuni mwa mteja. Gigozi ni ule mkebe wa maziwa ya unga tunaopimia hapa, na katika miaka yote ya biashara sijawahi kumwaga punje nisiyoiokota. Siku hiyo waliookota ni kuku.

"Mama, uko na nini?"

"Iyo kitu inalia vile kila mara?"

"Inalia kama imeshika pahali. Mwalimu anasema tutie fasi zote za maana. Na stoo yako ya mbegu nitie?"

"Izime," nikamwambia. "Izime mbele sijaitupa mu ziwa."

Hakuelewa, na sikumweleza. Nikabaki na hasira ambayo imemzidi umri mtoto mwenyewe. Nilidhani nimeshaizika. Kumbe ilikuwa inasubiri mlio.

Ninyi wa umri wangu, mliokaa nami kwenye matofali ya darasa lile, mlio huo mtakuwa mnaujua. Na sisi tulikuwa darasa la tano, wakati wa vita. Tulikuwa tumerudi kutoka mafichoni mara ya tatu, au ya nne ukihesabu ile siku tuliyokimbia hadi mtoni na mikeka kichwani, kumbe ilikuwa radi. Shule ilikuwa na vyumba sita na milango miwili. Madawati yalikuwa yameshapikia askari chakula, kwa hiyo kila mtoto alikuja na tofali lake, na aliyekuwa na mawili tulimwona mtoto wa tajiri. Biki moja waliandikia watoto watatu. Ukimaliza sentensi unapitisha, na mwenye sentensi ndefu alipigwa kiwiko.

Ndipo akaja kijana kutoka mjini, amevaa jileti, kizibao kilichojaa mifuko. Niliihesabu mifuko: kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja. Jina lake lilikuwa Bwana Alain. Alishusha garini jenereta, kompyuta, na mashine mbili ndogo za manjano, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni. Alisema ni mradi wa wanafunzi, watoto wachore kijiji chao kwa teknolojia. Mwalimu wetu, Mwalimu Wilondja, mtu mpole wa koti moja, jua na mvua, aliipokea mashine kwa mikono miwili kama anapokea yai. Hivyo ndivyo tulivyokuwa: biki hatuna, satelaiti tunazo.

"Munaona hizi vidoti nyeusi?" Bwana Alain akatuuliza, akatuinamishia kioo. "Kila moja ni mashine iko kule juu, kupita mawingu. Leo ziko ngapi?"

"Nane!"

"Nane. Mukifinya hapa, zote nane zinajua pahali muko. Hamutapotea tena."

Mtu mzima angesikia hapo maneno ya mchuuzi anayesifu bidhaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimeshapotea mara mbili njiani tukikimbia. Nilisikia ahadi.

Sasa niwaeleze juu ya koko, mama yake mama yangu, kwa sababu bila yeye habari hii ni ya mashine tu. Mama alikuwa ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi nilibaki na koko.

Siku zile mbegu hazikulala nyumbani. Nyumba iliweza kuporwa saa yoyote, na ikiporwa na mbegu ndani, mvua ikija unaitazama tu. Kwa hiyo wamama wa mtaa walimkabidhi koko. Kila mmoja alileta kibuyu chake cha maharage, karanga au mahindi, mbegu zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu, mdomo umezibwa kwa udongo. Shingoni walifunga kamba yenye mafundo ya kumtambulisha mwenyewe. Cha Mama Furaha, jirani yetu wa ua kwa ua, kilikuwa na mafundo manne. Cha mke wa Mwalimu Wilondja kilikuwa na mawili, nafasi, kisha moja. Koko alivificha chini ya mwamba, nyuma ya mingazi, ile michikichi ya mawese ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia, na wenye vibuyu hawakutaka kuonyeshwa. Walisema wenyewe: tusipojua, hata tukipigwa hatutasema. Tuliopajua ni wawili, koko na mimi, kwa sababu magoti yake yalihitaji bega langu.

Tulikwenda kila siku ya tatu, asubuhi. Mle chini palinuka majivu, udongo mbichi, na mawese ya zamani yaliyoganda kwenye maganda. Koko aliweka kiganja juu ya kila kibuyu, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti. Arobaini na moja. Halafu aligeuka akaanzia upande wa pili. Arobaini na moja.

"Koko, si umeshahesabu?"

"Mara ya kwanza ni ya mi. Ya pili ni ya benyewe."

Mtoto hujipangia maana yake. Mimi nilijipangia hivi: kinachohesabiwa mara mbili hakipotei. Na ushahidi nilikuwa nao, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimepotea.

Kila kundi la watoto wanne lilipewa mashine nusu siku. Sisi tulibonyeza shule, kanisa, kisima, mwalo wa mitumbwi, na rimu ya gari iliyotundikwa kuwa kengele. Tulipofika kijitoni niliwaambia wenzangu wanisubiri, nina haja. Nikakimbia na mashine hadi mingazini. Nilipiga magoti mbele ya mwamba nikangoja vidoti vije. Vilikuja vitano, saba, nane. Nikabonyeza. Tii. Nambari ishirini na saba. Halafu nikafanya nilivyofundishwa: nikageuka upande wa pili, nikabonyeza tena. Tii. Ishirini na nane.

Nilirudi kijitoni najiona mtu aliyeajiri walinzi wanane bila kutoa hata muhogo. Nilidhani sitapata tena biashara nzuri kama ile.

Wiki iliyofuata jenereta ilinguruma nje ya dirisha, tukapita mmoja mmoja mbele ya kompyuta kuandika maelezo ya alama zetu. Nilitafuta herufi kwa kidole kimoja, ulimi nje. Mbele ya ishirini na saba niliandika: Hapa koko yangu anachunga mbegu za bamama, vibuyu 41. Mbele ya ishirini na nane niliandika vilevile. Bwana Alain alisoma juu ya bega langu.

"Bravo! We unaandika na hesabu!" Akafungua mfuko mmoja katika ile kumi na moja, akanipa biki ya rangi nne. Yangu peke yangu. Nililala nayo mkononi.

Mwalimu Wilondja alikuwa amesimama nyuma yake. Naye alisoma. Niliona midomo yake ikitembea.

Ramani ilirudi kutoka mjini imechapwa kwenye karatasi kubwa kama shuka, direkta wa shule akaita watu wote waje kuona. Maji buluu, mashamba kijani, mahali pa maana nyekundu. Maneno yetu yote yalikuwa yamegeuzwa Kifaransa, kwa ajili ya wale waliotoa mashine. Wamama walikuja wamevaa vitenge walivyobaki navyo, wakavipigia vigelegele vidoti wasivyoweza kuvisoma. Mama Furaha alinyoosha kidole.

"Na hii nyekundu njo nini?"

"Ni kazi ya batoto, mama," direkta akamjibu. "Piga makofi tu."

Mbele, kwenye viti vitano vyenye miguu yote, waliketi wakubwa wa kambi ya askari. Sisemi ni wa upande gani. Pande zilikuwa nyingi, na zote zilikula. Kamanda wao alisimama akaisoma ramani doti kwa doti, mikono mgongoni, bila haraka. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuisoma kazi yangu ya shule kwa makini vile, si kabla wala baada. Akamwuliza Bwana Alain kitu kwa Kifaransa, Bwana Alain akamjibu kwa furaha, kama mtu aliyepata mwanafunzi mzuri. Halafu kamanda akasema ramani hii itafaa kwa usalama wa raia, ataitunza mwenyewe. Direkta ndiye aliyeikunja. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Siku mbili baadaye askari wake walikwenda mingazini moja kwa moja, mchana, bila kumwuliza mtu njia. Koko na mimi tulikuwa mle ndani, kiganja chake kiko juu ya kibuyu cha thelathini. Walikuwa saba, mmoja ameshika karatasi. Walivitoa vibuyu nje, wakavipanga, wakahesabu. Arobaini na moja. Yule wa karatasi akaitazama karatasi, akahesabu upya. Nao pia walihesabu mara mbili.

"We muzee. Zingine ziko wapi?"

"Zingine gani, mwanangu?"

"Hapa baliandika makumi munane na mbili. Unatucheza?"

Themanini na mbili. Arobaini na moja, na arobaini na moja. Kompyuta ilikuwa imezijumlisha alama zangu mbili. Kompyuta haikuuliza, na Bwana Alain, mwenye mahali kumi na moja pa kuweka swali, hakuuliza. Nilielewa palepale, biki ya rangi nne iko mfukoni.

Walimpiga koko kwa ajili ya vibuyu arobaini na moja ambavyo havikuwahi kuwapo. Mkono, kisha mbavu. Alirudia neno moja: "Ni arobaini na moja, batoto bangu. Muhesabu." Walipochoka, wakawabebesha mbegu wanaume waliowakuta njiani, na njia nzima wakawa wanatangaza kwamba muzee ana zingine, amezificha, mutaona.

Hilo tangazo ndilo lililobaki mtaani. Ungedhani hasira ya wamama ingewaendea wenye bunduki, lakini wenye bunduki walikuwa na bunduki. Koko alikuwa na mkono mmoja mzima. Wamama walijaa uani kwetu asubuhi, harufu ya mvua ya kupandia iko hewani, na Mama Furaha mbele yao.

"Pahali pale mulijua wawili tu," akasema. "Nani aliwaonyesha? Upepo?"

"Mi sijui," akasema koko.

"Na zile makumi ine na moja zingine? Ulitaka kutuuzia wakati ya njaa?"

"Mama Furaha, mi nilikuzalisha uyo Furaha na hii mikono."

"Ya mutoto nilikuamini. Leo niko naongea ya mbegu."

Waliingia ndani. Walitoa mkeka, sufuria mbili na jembe, wakachimba chini ya kitanda hadi shimo likanifika kiunoni. Walipokosa walikasirika zaidi, kwa sababu asiyepatikana na kitu anaonekana amekificha vizuri. Koko aliketi juu ya kinu akiwatazama, mkono umefungwa kwa kipande cha kitenge. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na hesabu yote nilikuwa nayo, mwanzo hadi mwisho, peke yangu. Hapana, tulikuwa wawili. Nikaenda shuleni.

Mwalimu Wilondja alikuwa anafuta ubao usio na neno. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Hakugeuka.

"Niliona," akasema. "Siku ile unaandika. Niliona."

"Na haukufuta?"

"Nilijisemea, nani anasoma kazi ya batoto?" Akaketi juu ya tofali, mtu mzima na koti lake, magoti yakamfika kidevuni. "Sikia, mwanangu. Ukisema ni shule, bantu batachoma shule. Na bale ba kambi batasikia tunabasema. Nyamaza. Hata muke yangu amepoteza mbegu zake."

Niliamini kwamba anaogopa, na bado naamini. Ila sikumsamehe na sitaki kujifunza. Kuogopa bunduki ni haki ya kila mtu. Lakini siku ile hapakuwa na bunduki darasani, palikuwa na kitufe kimoja cha kufuta na kidole chake kiko karibu. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja wa kukubali kwamba kilichoandikwa na mtoto kimeandikwa. Walituletea mashine ya kuzungumza na mbingu, na kati ya Bwana Alain, direkta na mwalimu, watu watatu wenye vyeti, hakuna aliyejiuliza nani mwingine ataisoma karatasi. Askari alijiuliza.

Jioni nilimwambia koko. Nilimwekea biki kwenye mkono mzima, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. Aliigeuzageuza biki kiganjani. Halafu akacheka, kicheko kidogo kilichomuumiza mbavu.

"Mara mbili," akasema. "Ulifinya mara mbili."

"Kama we."

"Kama mi." Akaibonyeza biki, rangi moja, rangi nyingine, akanirudishia. "Usibaambie. Mi nimebakisha kupanda mara ngapi? We utaolewa humu, utauza humu. Banichukie mi."

"Lakini ni bongo, koko, ni kubadanganya."

"Ni bongo. Nyamaza nayo."

Nikatii. Mwaka ule mtaa wetu haukupanda. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila ugali, halafu sombe bila chumvi, halafu tukaacha kuiita chakula. Watoto wa wamama wale walilala na njaa, najua, nililala nayo pia, na kila aliyelia aliambiwa aliyemnyima ni nani. Koko alikufa kabla ya mvua zilizofuata, mkono haujaunga sawa. Kwetu msiba wa mzee hujaza uwanja hadi watu wakose mikeka. Kwa koko walikuja tisa. Nilihesabu tena, labda kuna aliyesimama nyuma ya nyumba. Tisa, pamoja na mchimba kaburi.

Bwana Alain hakurudi. Tulisikia mradi ulisifiwa sana huko ulikosifiwa.

Na Mama Furaha yu hai, ni mteja wangu. Kila msimu wa kupanda ananunua gigozi kumi za maharage, na kila msimu anagombana nami kama desturi ya soko inavyotaka. Nikishapima anapaza sauti: "Mwaga, pima tena. Ukoo yenu tunaijua." Watu wanacheka. Miaka yote hiyo nilimwaga, nikapima tena, nikacheka nao, kwa sababu mteja haachwi aende na kwa sababu nilimwahidi koko.

Jana alikuja. Binti yangu alikuwa pembeni na tableti yake imezimwa, amenuna kwa siku ya sita.

"Unapunguza ngapi, mama ya mbegu?"

"Sipunguzi. Niongezee we."

"Eh! Leo umelalia ubavu gani?"

Nikapima kumi, nikamimina kwenye gunia lake. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia: "Mama Furaha, kibuyu chako kilikuwa na mafundo ine."

Uso wake ukasimama. "Nani alikuambia?"

"Nilikuwa nakishika kila siku ya tatu. Koko hakuonyesha muntu. Ni mi. Niliandika mu mashine ya shule nikifikiri inachunga, na niliandika mara mbili, njo maana ikatoka makumi munane na mbili. Zingine hazikukuwako. Mulichimba chini ya kitanda yake bure."

Nilisema kwa sauti ya kuitia wateja, na vibanda viwili vya kulia na kushoto vikaacha kupima. Mama Furaha aliangalia mikono yake. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, polepole:

"Ulikuwa mutoto."

"Nilikuwa mutoto. We ulikuwa muntu muzima."

Akashika mdomo wa gunia, akaanza kulifunga. "Basi wacha. Imetosha. Naenda."

"Hapana, mama. Ikala, usiende."

Nikalichukua gunia, nikalimwaga lote kwenye turubai mbele yake. Nikashika gigozi nikapima mara ya pili, nikihesabu taratibu, kwa sauti, hadi wauza samaki wa ndagala upande wa pili wa njia wakageuka. Moja. Mbili. Binti yangu aliweka tableti chini, akaja kusimama nami, akahesabu pia. Tulipofika kumi turubai lilikuwa tupu. Mama Furaha alibaki analitazama, kana kwamba kuna ya kumi na moja.